Hesabu ya Gurudumu: Kuchagua Kipimo cha Rimu na Tairi kwa Motokaa Kongwe za Misuli

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac, iliyokuwa tawi la General Motors ya Marekani, iliichukua injini yake kubwa ya silinda 8, yenye ujazo wa inchi za ujazo 389, yaani kiasi cha lita 6.4, ikaitia ndani ya motokaa ya umbo la kati iitwayo Tempest na kuipa jina la GTO. Ingawa viwanda vingine vilikwisha kujaribu jambo kama hilo hapo kabla, watu wengi huuhesabu mwaka huo kuwa ndio mwanzo wa kundi la motokaa ambazo Wamarekani huziita, kwa tafsiri ya lugha yetu, motokaa za misuli. Baada yake zilifuata Chevelle na Camaro za Chevrolet, Mustang za Ford zenye injini kubwa, Road Runner ya Plymouth, na Charger na Challenger za Dodge. Sheria za moshi, gharama za bima na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 vilizimaliza mapema. Lakini maelfu yake yangali hai mikononi mwa watu wanaozitunza.

Motokaa hizi zilikuwa na kasoro moja ya ajabu. Injini ilikuwa ya farasi mia tatu na zaidi, bali magurudumu yalikuwa membamba na madogo. GTO ya mwaka 1964 ilisimama juu ya tairi za 7.50-14. Basi si ajabu kwamba kitu cha kwanza anachobadili mwenye motokaa ya namna hii ni magurudumu, na kwamba tangu miaka ya 1960 vimekuwako viwanda vya pekee vinavyotengeneza rimu za kuuzwa mbali na kiwanda kilichounda motokaa yenyewe.

Kuchagua rimu hizo ni kazi ya hesabu. Wengi huifanya kwa jicho, na matokeo yake ni tairi inayokwaruza mpira wa mafuta ya breki, nati inayolegea njiani, au spidomita inayomwambia dereva kwamba anakwenda polepole kuliko anavyokwenda. Hesabu zenyewe hazizidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha tatu ajuaye mzingo wa duara, sini ya pembe na kanuni ya momenti. Mwalimu asiye na Camaro (nasi wengi wetu hatunayo) aweza kuyapima yote yasemwayo hapa kwa gari lolote lililosimama uani mwa shule, kwa kuwa kanuni hazijali jina lililoandikwa juu ya boneti.

Kusoma namba za tairi

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho: Camaro SS ya mwaka 1969. Kiwandani ilipewa rimu ya kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 7, pamoja na tairi iliyoandikwa F70-14. Herufi F huonyesha uwezo wa kubeba mzigo. Kadiri herufi inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo mzigo unavyozidi. Namba 70 ni uwiano: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya upana wake. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Utaratibu huo wa herufi umekwisha kupitwa, ijapokuwa tairi za namna hiyo bado hutengenezwa kwa ajili ya wale watakao motokaa iwe kama ilivyotoka kiwandani. Tairi za leo huandikwa kwa milimita. Iliyo karibu mno na F70-14 ni 215/70R14, maana yake upana wa milimita 215, ubavu wa asilimia 70 ya upana huo, ujenzi wa radiali, na rimu ya inchi 14. Mwanafunzi aangalie vema mchanganyiko huu wa vizio: namba ya kwanza ni milimita, ya pili ni asilimia, ya tatu ni inchi. Sijui chombo kingine cha kila siku kinachoandikwa kwa vurugu kama hiyo, lakini ndivyo ilivyo duniani kote.

Neno radiali lahitaji maelezo mafupi. Ndani ya mpira wa tairi mna nyuzi. Katika tairi za zamani nyuzi hizo zilipita kwa kukingamana, zikikata mshazari kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Katika tairi ya radiali nyuzi za ubavu hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya sehemu inayokanyaga barabara huwekwa mkanda mgumu. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili uvumbuzi huo mwaka 1946, lakini Wamarekani walichelewa kuupokea: motokaa yao ya kwanza kupewa tairi za radiali kama jambo la kawaida ilikuwa Lincoln Continental Mark III ya mwaka 1970. Kwa hiyo takriban motokaa zote za misuli ziliundwa kwa ajili ya tairi za nyuzi za kukingamana. Tairi za namna mbili hizi zisichanganywe katika gari moja, kwa sababu hujikunja kwa namna tofauti zinapokata kona.

Kipenyo, spidomita na difu

Kipenyo cha tairi nzima ni kipenyo cha rimu pamoja na mbavu mbili, wa juu na wa chini. Kwa tairi ya 215/70R14:

ubavu mmoja = 0.70 × 215 = 150.5 mm
mbavu mbili = 301.0 mm
rimu = 14 × 25.4 = 355.6 mm
kipenyo chote = 656.6 mm

Sasa mwenye motokaa anataka rimu ya inchi 17. Sababu yake si urembo peke yake. Tairi za inchi 14 zilizo imara kwa mwendo wa kasi zimekuwa adimu, tena rimu kubwa hutoa nafasi ya kuweka breki za diski zilizo kubwa zaidi. Akienda dukani atakuta tairi nyingi za inchi 17. Tupime tatu:

225/50R17: 2 × 112.5 + 431.8 = 656.8 mm
245/45R17: 2 × 110.25 + 431.8 = 652.3 mm
235/55R17: 2 × 129.25 + 431.8 = 690.3 mm

Ya kwanza inalingana na ya asili kwa tofauti ya sehemu mbili za kumi za milimita. Ya pili ni pungufu kwa asilimia 0.7, nayo ni tofauti ndogo kuliko ile iletwayo na kuchakaa kwa tairi yenyewe. Ya tatu imezidi kwa asilimia 5.1, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Spidomita ya motokaa za wakati ule haikupima mwendo. Ilihesabu mizunguko. Kwenye mkia wa giaboksi kuna gia ndogo inayozungusha kebo, na kebo huzungusha sumaku nyuma ya mshale. Mshale basi unajua tu ni mara ngapi shafti ya propela imezunguka, nao hudhani kwamba kila mzunguko wa gurudumu ni mita zile zile za kiwandani. Mzingo wa tairi ya asili ni π × 0.6566 = 2.063 m, wa tairi ya 235/55R17 ni π × 0.6903 = 2.169 m. Mshale ukionyesha kilomita 100 kwa saa, motokaa kwa kweli inakwenda kilomita 105.1. (Tairi iliyobeba mzigo hubonyea kidogo, na mzingo wake wa kazi hupungua kwa asilimia chache. Lakini hupungua kwa tairi zote mbili, kwa hiyo uwiano haubadiliki sana.)

Kuna dawa ya kasoro hiyo, nayo ni somo zuri la uwiano wa gia. Gia ndogo ya kebo, ambayo huzungushwa na gia nyingine ndani ya giaboksi, huuzwa yenye idadi mbalimbali ya meno. Ikiwa ya asili ilikuwa na meno 20, ikabadilishwa kwa yenye meno 19, kebo itazunguka mara 20/19 ya awali, yaani zaidi kwa asilimia 5.3. Kosa la mwendo limekwisha, ila kwa karibu sehemu moja ya kumi ya asilimia.

Dawa hiyo hailigusi jambo la pili. Difu ya nyuma hupunguza mizunguko ya shafti kabla ya kufika kwenye magurudumu. Camaro nyingi ziliweza kuagizwa zikiwa na uwiano wa 3.73, maana yake shafti huzunguka mara 3.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kani inayoisukuma motokaa mbele ni momenti iliyopo kwenye ekseli ikigawanywa kwa nusukipenyo cha tairi. Nusukipenyo kikikua, kani hupungua. Tairi ya 690.3 mm huifanya difu ya 3.73 itende kazi kana kwamba ni ya

3.73 × 656.6 / 690.3 = 3.55

Injini nayo huzunguka polepole zaidi. Kwa kilomita 100 kwa saa katika gia ya juu, isiyopunguza wala kuongeza, hesabu hutoa mizunguko 3,014 kwa dakika kwa tairi ya asili na 2,867 kwa tairi kubwa. Asafiriye masafa marefu hufurahi, maana injini imepumzika. Atakaye kuondoka kwa kishindo taa ya kijani inapowaka amejinyima mwenyewe kile alichokigharimia. Wako watu walionunua injini kubwa kwa fedha nyingi, kisha wakairudisha nyuma kwa tairi.

Matundu matano

Rimu hushikwa na bolti zilizopandwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Bolti hizo zimepangwa juu ya duara moja, na kipenyo cha duara hilo ndicho kipimo cha kwanza kinachoamua kama rimu itaingia. Motokaa za Chevrolet na Pontiac tulizozitaja zina bolti 5 juu ya duara la inchi 4.75, sawa na 120.65 mm. Mustang za silinda 8 zina bolti 5 juu ya inchi 4.5, sawa na 114.3 mm, Charger na Challenger vivyo hivyo. Dodge Dart na ndugu zake wadogo walikuwa na duara la inchi 4 tu kwa miaka mingi.

Kipenyo hicho hupimwaje? Bolti zikiwa 4 ni rahisi, maana kila moja inatazamana na mwenziwe. Zikiwa 5 hakuna zinazotazamana, na rula haina pa kupita. Hapa jiometria huja na msaada. Pembe kati ya bolti mbili jirani, ikipimwa katikati ya duara, ni nyuzi 360 / 5 = 72. Tukigawanya pembetatu hiyo katikati, tunapata kwamba umbali d kati ya bolti jirani, kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha nyingine, ni

d = D × sini 36° = 0.5878 D

ambapo D ni kipenyo cha duara. Kwa hiyo D = 1.701 d. Duara la 114.3 mm hutoa d ya 67.2 mm, duara la 120.65 mm hutoa 70.9 mm. Tofauti ni chini ya milimita 4, nayo haionekani kwa jicho la mtu mwenye haraka.

Mwandishi wa makala haya alipata kumsikia muuzaji mmoja huko ng'ambo akimhakikishia mteja kwamba rimu fulani "inaingia". Kuingia iliingia, kwa kuwa matundu yalikuwa mapana kuliko bolti. Lakini nati ya gurudumu haikutengenezwa ili ifinye tu. Uso wake ni wa umbo la pia, nao hukaa ndani ya shimo lenye umbo lilo hilo, na kwa njia hiyo rimu hujiweka katikati ya habu yenyewe. Duara likiwa si lake, kila nati hukaa upande mmoja wa shimo, hugusa kidogo tu, na bolti hupindwa mbele na nyuma kila gurudumu linapozunguka. Kwa kilomita moja tairi yetu huzunguka mara 485. Chuma kinachopindwa mara nyingi namna hiyo huchoka na kukatika bila kutoa taarifa. Hata tofauti ndogo ya 120 mm kwa 120.65 mm isidharauliwe. Magari mengi ya BMW yana duara la 120 mm, na wako wanaozivisha Camaro rimu hizo wakisema kwamba nusu milimita si kitu.

Ofseti: gurudumu limekaa wapi?

Kipenyo na matundu vikikubali, limebaki swali ambalo ndilo huwaangusha wengi. Rimu ina uso unaogusa habu. Tuuite uso wa kufungia. Ofseti ni umbali kati ya uso huo na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Uso ukiwa katikati kabisa, ofseti ni sifuri. Ukiwa umesogea kuelekea nje ya gari, ofseti ni chanya na gurudumu huingia ndani. Ukiwa umesogea kuelekea ndani, ofseti ni hasi na gurudumu huchomoza nje.

Mafundi wa Marekani hupendelea kipimo kingine kwa inchi, ambacho nitakiita kina cha nyuma: laza rimu uso chini, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wake wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye ubao hadi uso wa kufungia. Yafaa ieleweke kwamba upana wa rimu hupimwa mahali tairi inapokalia, si kwenye kingo. Kingo mbili huongeza kiasi cha inchi moja. Rimu ya inchi 8 basi ina upana wa inchi 9 kwa jumla, na ikiwa ofseti yake ni sifuri, kina cha nyuma ni inchi 4.5, si 4. Wengi hukosea hapo.

Turudi kwa Camaro yetu. Tuseme rimu iliyopo ni ya inchi 7, ofseti sifuri, na tairi ya upana wa milimita 215. Tairi imetokeza 107.5 mm kila upande wa mstari wa katikati. Tuseme tena kwamba fundi amepima na kuona kwamba upande wa nje kuna nafasi ya milimita 12 kabla ya ukingo wa madigadi, na upande wa ndani kuna milimita 35 kabla ya kitu chochote. Mwenyewe anataka rimu ya inchi 8 yenye tairi ya 245/45R17. Tairi hiyo itatokeza 122.5 mm kila upande, yaani nyongeza ya milimita 15. Kwa ofseti sifuri itagonga madigadi. Tukichagua ofseti ya milimita 10 chanya, nyongeza ya nje itakuwa 15 − 10 = 5 mm, na ya ndani 15 + 10 = 25 mm. Nje pamebaki milimita 7, ndani 10. Inatosha, ingawa kwa shida. Kina cha nyuma cha rimu hiyo ni inchi 4.5 + 10/25.4, yaani karibu 4.9, nacho ndicho cha kumwambia muuzaji.

Je, mtu akipuuza hayo na kununua rimu zinazochomoza kwa sababu zinapendeza? Motokaa hii ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na kila gurudumu la mbele hubeba kiasi cha kilo 400, sawa na kani ya niutoni 3,900 na ushei. Sogeza gurudumu nje kwa milimita 25, nawe umeongeza juu ya beringi momenti ya 3,900 × 0.025, karibu niutoni-mita 98. Ni kama kwamba mtoto wa kilo 10 ananing'inia daima kwenye ncha ya fimbo ya urefu wa mita moja iliyofungwa kwenye habu, mchana na usiku, hata motokaa ikiwa imelala. Usukani nao hubadilika. Gurudumu la mbele hugeuka juu ya mhimili unaopita kwenye bolijointi mbili, na kiwanda kilipanga mhimili huo ufike chini karibu na katikati ya tairi. Tairi ikisogea nje, kila shimo la barabarani na kila breki isiyokamata sawasawa hupata wenzo mrefu zaidi wa kuupokonya usukani mikononi mwa dereva.

Upana na msuguano

Wanafunzi hupenda kuuliza: tairi pana ina manufaa gani, iwapo tumefundishwa kwamba msuguano hautegemei eneo? Swali ni zuri, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwanza, tairi pana haiongezi eneo la kugusa kwa kiasi ambacho watu wengi hufikiri. Mzigo hubebwa hasa na hewa. Kanieneo ya hewa ikiwa kilopaskali 200, mzigo wa niutoni 4,000 huhitaji eneo la 4,000 / 200,000 = 0.02 m², yaani sentimita za mraba 200, tairi iwe pana au nyembamba. Kinachobadilika ni umbo. Ikiwa sehemu inayokanyaga ina upana wa sentimita 16, alama yake barabarani itakuwa na urefu wa sentimita 12.5, ikiwa na upana wa sentimita 20, urefu utakuwa sentimita 10. Alama fupi na pana hujikunja kidogo gari linapokata kona, kwa hiyo tairi hujibu usukani upesi.

Pili, mpira hauitii kikamilifu ile sheria ya msuguano ya vitabuni. Huingia katika vinyweleo vya lami na kushikamana navyo, na mgawo wake wa msuguano hupungua kadiri kanieneo kwenye sehemu ya kugusa inavyozidi. Tairi pana iliyojazwa hewa kidogo zaidi ya chini, bila kuvuka kikomo cha mzigo, hupata faida hapo. Barabara ikiwa na maji, faida hugeuka kuwa hasara, maana alama pana lazima ifagie maji mengi zaidi mbele yake.

Mzigo wenyewe usisahauliwe. Tairi za leo huwa na namba ya mzigo ubavuni: 94 maana yake kilo 670, 95 ni kilo 690. Kwa Camaro zote mbili zinatosha.

Tungamo inayozunguka

Rimu za mbio zilizotiwa katika kalibu kwa magnesi zilipata umaarufu Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, nyingi zikitoka katika karakana ya Ted Halibrand huko California. Densiti ya magnesi ni gramu 1.74 kwa sentimita ya ujazo, ya alumini 2.70, ya chuma cha pua na cha kawaida karibu 7.8. Magnesi hata hivyo huliwa upesi na unyevu na chumvi, na hupasuka bila kutarajiwa ikiisha kuzeeka, kwa hiyo rimu za barabarani zilifanywa kwa alumini. Cragar S/S, zilizotoka mwaka 1964, ziliunganisha kitovu cha alumini na ukingo wa chuma uliopakwa kromi. Torq Thrust za American Racing zilijulikana ulimwenguni kote kupitia Mustang ya kijani kibichi iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968.

Kwa nini wepesi wa gurudumu una thamani kuliko wepesi wa kiti? Kwa sababu gurudumu lina nishati-mwendo mara mbili: linakwenda mbele, tena linazunguka. Tungamo m ikiwa kwenye pete ya nusukipenyo k, ndani ya tairi ya nusukipenyo R, nishati yake yote ni

½ m v² (1 + k²/R²)

Kilo 10 za chuma zikikaa kwenye ukingo wa rimu ya inchi 14 (k = 178 mm, R = 328 mm) hutenda kana kwamba ni kilo 12.9. Kilo zile zile kwenye rimu ya inchi 17 hutenda kama kilo 14.3, na kwenye rimu ya inchi 20 kama kilo 16. Rimu kubwa kwa kawaida pia ni nzito zaidi, kwa hiyo hasara huongezeka kwa njia mbili. Aidha, tungamo iliyo chini ya springi hufuata mabonde na vilima vya barabara bila kizuizi, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo shokamzoba inavyoshindwa kuirudisha chini. Gurudumu lililo hewani halina msuguano hata kidogo.

Ubavu wa tairi nao ni springi ya kwanza ya gari. Tairi ya asili ilikuwa na ubavu wa 150.5 mm. Ile ya 225/50R17 ina 112.5 mm. Atakaye rimu ya inchi 20 bila kubadili kipenyo hana budi kununua tairi kama 245/30R20, yenye ubavu wa 73.5 mm tu. Shimo moja la wastani latosha kuupinda ukingo wa rimu. Kwa maoni yangu motokaa iliyoundwa mwaka 1969 haina haja ya kuvuka inchi 17, na anayeridhika na inchi 15 hajapoteza kitu, kwani kiwanda chenyewe kiliipa Camaro Z/28 ya mwaka huo rimu za inchi 15 kwa 7.

Nati

Mnunuzi akague nyuzi za bolti. Bolti za Camaro ni za inchi 7/16, za Mustang yenye silinda 8 ni inchi 1/2, zote zikiwa na nyuzi 20 kwa inchi. Rimu za alumini ni nene mahali zinapofungwa, kwa hiyo bolti ya zamani yaweza kuonekana fupi. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike nyuzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha bolti. Uzi mmoja ni 1.27 mm, hivyo nati ya Mustang izunguke mara 10 kamili kabla ya kukaza, na ya Camaro mara 9. Chini ya hapo bolti zibadilishwe ziwe ndefu zaidi. Nati zikazwe kwa kurukana, si kwa kufuatana, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Mwenye Dodge au Plymouth ya miaka ya 1960 akumbuke kwamba bolti za upande wa kushoto huwa na nyuzi za kinyume. Wako waliozikata kwa nguvu za spana wakidhani zimeshika kutu.

Mazoezi

1. Pima umbali kati ya bolti mbili jirani za gurudumu la gari lolote lenye bolti 5. Tafuta kipenyo cha duara lake. Kisha pima umbali kati ya bolti mbili zilizorukana moja, uonyeshe kwamba sasa D = d / sini 72°, na ulinganishe majibu mawili.

2. Tairi ya Mustang ilikuwa 205/70R14. Mwenyewe anataka rimu ya inchi 15. Kati ya 205/65R15, 225/60R15 na 235/60R15, ni ipi iliyo karibu zaidi kwa kipenyo? Kwa kila moja, tafuta mwendo wa kweli mshale uonyeshapo kilomita 80 kwa saa.

3. Rimu ya inchi 9 ina kina cha nyuma cha inchi 5.5. Tafuta ofseti yake kwa milimita, ukieleza kama ni chanya au hasi.

4. Andika alama kwa chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma gari hadi gurudumu lizunguke mara moja kamili, kisha pima umbali uliopitwa. Umepungua kwa asilimia ngapi kuliko mzingo uliokokotolewa kutoka namba za ubavuni? Rudia baada ya kupunguza hewa kidogo, na ueleze tofauti unayoiona.